Makauboi kutoka Ardeal: Romania na filamu za kauboi

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nimekulia kwenye vibanda vya video, na filamu za kauboi ndizo zilizonifanya nipende sinema. Juzi rafiki yangu alinionyesha moja ya zamani. Farasi wapo, bastola zipo, baa ya walevi ipo, lakini ndugu wawili wanaobeba hadithi wamevaa kofia za manyoya na wanazungumza lugha nisiyoijua. Nikaambiwa ni Kiromania. Romania ilikuwa nchi ya kikomunisti. Iliwezaje kutengeneza filamu za kauboi na kuwaachia watu wazitazame? Walikuwa wanaiga Wamarekani na Waitalia tu, au mambo haya yana mizizi katika utamaduni wao? Na mtu akitaka kuzitazama, aanzie wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kwa maelezo yako naamini uliyoiona ni *Profetul, aurul și ardelenii*, yaani "Nabii, dhahabu na watu wa Ardeal", iliyoongozwa na Dan Pița mwaka 1978. Ilifuatiwa na nyingine mbili za ndugu hao hao. Mircea Veroiu aliongoza *Artista, dolarii și ardelenii* ("Msanii, dola na watu wa Ardeal") mwaka 1980, na mwaka 1981 Pița akarudi na *Pruncul, petrolul și ardelenii* ("Mtoto mchanga, mafuta na watu wa Ardeal"). Zote tatu zilitoka kwenye kalamu ya mwandishi mmoja, Titus Popovici. Ukiyasoma majina hayo kwa sauti utasikia mwangwi wa zile filamu za Kiitalia zilizopenda kupanga vitu vitatu kwenye jina moja. Hapo waliiga, na waliiga kwa makusudi. Kofia, bastola na mwendo wa farasi waliviazima Marekani kupitia Italia. Hadithi yenyewe walikuwa nayo nyumbani muda mrefu, na hilo ndilo ninalotaka ulione.

Ardeal ni jina ambalo Waromania wenyewe huliita jimbo la Transylvania. Dunia inalijua kwa sababu ya Dracula, na hapo kuna jambo ambalo wachache hulikumbuka. Katika riwaya ya Bram Stoker ya mwaka 1897, mmoja wa wanaume wanaomwinda Dracula mpaka milimani kwake ni Quincey Morris, kijana wa Texas, na kisu chake ndicho kinachomchoma Dracula moyoni. Kwa hiyo kauboi alifika Transylvania kwenye kurasa za kitabu miaka 81 kabla ya watu wa Transylvania kwenda kwa makauboi kwenye filamu. Stoker hakuwahi kukanyaga huko, na Waromania wengi walikua bila kuijua riwaya hiyo. Transylvania ya Popovici na Pița ni nyingine kabisa: ya wachungaji, wachimbaji wa dhahabu na watu wanaofunga mizigo kwenda ng'ambo.

Kisa cha filamu ya kwanza hakina mzunguko mwingi. Traian na Romulus Brad wanasafiri mpaka magharibi ya Marekani kumtafuta ndugu yao Ion aliyetangulia. Wanamkuta ameshakuwa John, anasakwa, kichwa chake kimewekewa zawadi, na karibu yake upo mji wa Cedar City ulio chini ya nabii mmoja wa dhehebu la Wamormoni aitwaye Ezekiel Waltrope. Traian ni Ilarion Ciobanu, aliyewahi kuwa mchezaji wa raga, mtu wa mwili mkubwa na maneno machache. Romulus, kitinda mimba, ni Mircea Diaconu, na John ni Ovidiu Iuliu Moldovan. Nabii anaigizwa na Victor Rebengiuc, yule yule aliyekuwa mhusika mkuu wa *Pădurea spânzuraților*, filamu iliyompa Liviu Ciulei tuzo ya uongozaji pale Cannes mwaka 1965. Nakutajia majina haya ili ujue kwamba Romania haikuipa kazi hii mikono ya kubahatisha. Iliwapa waigizaji wake bora.

Sasa tazama kitu kimoja ambacho mpenzi wa kauboi atakigundua haraka. Steringi wa filamu za Kiitalia hana kwao. Hana jina, hana mama, hana ndugu. Anatokea vumbini na anapotelea vumbini. Akina Brad ni kinyume chake. Wana jina la ukoo, wana kijiji, wana mazishi ya kukumbuka na mashamba ya kurudia. Kilichowaleta Marekani ni ndugu aliyepotea, na fedha ni jambo la baadaye. Traian anapotoa bastola anaitoa kama kaka mkubwa anayewajibika kwa wadogo zake, na uzito huo unaonekana mabegani mwa Ciobanu kila anapoketi juu ya farasi. Kwangu mimi filamu hii ni ya uhamiaji iliyovaa nguo za kauboi. Mtu yeyote ambaye kwao kuna kaka aliyekwenda mbali na kurudi na jina jingine ataielewa bila mkalimani.

Uhamiaji wenyewe ni historia ya kweli. Transylvania ilikuwa sehemu ya dola ya Austria na Hungaria mpaka mwaka 1918. Waromania ndio waliokuwa wengi humo, lakini ardhi nzuri, ofisi na shule kubwa vilikuwa mikononi mwa wengine. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, mpaka Vita Kuu ya Kwanza ilipofunga njia, wanaume wa vijijini waliondoka kwa makundi kwenda Marekani. Walikuwa na msemo wao: *mia și drumul*, elfu moja na nauli. Mtu alikwenda kutafuta dola 1,000 pamoja na nauli ya kumrudisha, anunue shamba, ajenge, amalize. Wengi hawakurudi. Lakini pia wengi wao hawakuona mbuga wala farasi wa mwitu. Waliingia kwenye viwanda vya chuma na migodi ya Ohio, Pennsylvania na Indiana. Gazeti lao, lililoitwa *America*, lilianzishwa Cleveland mwaka 1906. Popovici aliwachukua watu hao wa tanuri na makaa, akawarudisha nyuma miaka kadhaa na kuwapeleka magharibi zaidi, mpaka kwenye nchi ya bastola. Kihistoria amewasogeza mbali na njia yao, ila ile hamu ya nyumbani ameiacha kama ilivyokuwa.

Hata majina ya wale ndugu yana siasa ndani yake. Trajan ni mfalme wa Kirumi aliyeiteka Dacia, nchi ya kale ya eneo hilo, mwaka 106. Romulus ni mwanzilishi wa Roma. Kuanzia karne ya 18, wasomi wa Kiromania wa Ardeal walishikilia kwamba watu wao ni kizazi cha Warumi, na kwa hiyo wana haki ndani ya dola iliyowahesabu kuwa si kitu. Wazazi wakaanza kuwapa watoto majina ya Kilatini, majina ambayo karani wa serikali hakuweza kuyageuza kirahisi yawe ya Kihungaria. Mromania akisikia "Traian na Romulus" anajua papo hapo watu hawa wametoka wapi na ukaidi wao ni wa aina gani. Na Brad, jina la ukoo, ni mti wa msonobari. Ni jina pia la mji wa machimbo ya dhahabu katika milima ya Apuseni, huko huko Ardeal.

Hapo kwenye dhahabu ndipo napapenda kuliko pote. Milima ya Apuseni imechimbwa dhahabu tangu enzi za Warumi. Roșia Montană, machimbo yao ya kale, yaliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2021 baada ya miaka ya mabishano makali kuhusu mgodi mpya. Katika milima hiyo hiyo Horea, Cloșca na Crișan waliwaongoza wakulima kuasi mwaka 1784. Padri na mwandishi Ion Agârbiceanu aliwaandikia watu wa huko hadithi fupi za umaskini unaokaa juu ya utajiri. Sasa, kabla ya kugusa kofia ya kauboi, Pița na Veroiu walikuwa wametengeneza pamoja filamu mbili kutokana na hadithi hizo: *Nunta de piatră* ("Harusi ya mawe") ya mwaka 1973 na *Duhul aurului* ("Roho ya dhahabu") ya mwaka 1974. Katika sehemu ya kwanza ya *Nunta de piatră*, aliyoiongoza Veroiu, mama mmoja mjane aitwaye Fefeleaga anabebesha farasi wake mawe yenye chembe za dhahabu siku baada ya siku, na mwisho anamuuza farasi huyo ili amzike binti yake. Maneno ni machache sana. Kuna vumbi jeupe, kwato, na uso wa Leopoldina Bălănuță. Ukimaliza kuitazama, rudi kwenye filamu yako ya makauboi. Utaona kwamba waongozaji wale wawili hawakujifunza vumbi, farasi na ukimya kutoka Italia peke yake. Walikuwa wameshavipiga picha nyumbani kwao, na walijua dhahabu humfanya nini mtu.

Ulitaka kujua serikali iliruhusu vipi. Romania ya Nicolae Ceaușescu ilikuwa na uhusiano wa pekee na Marekani. Agosti 1968 Ceaușescu alilaani hadharani majeshi ya Kisovieti na washirika wao yalipoivamia Czechoslovakia. Mwaka uliofuata Rais Nixon akatua Bucharest, mwaka 1975 Marekani ikaipa Romania upendeleo wa kibiashara, na Aprili 1978 Ceaușescu akapokewa Washington na Rais Carter. Filamu ya kwanza ya akina Brad ni ya mwaka huo huo. Ndani ya nchi hali ilikuwa inakaza. Julai 1971, baada ya ziara za China na Korea Kaskazini, Ceaușescu alikuwa ametoa maagizo ya kuibana sanaa iitumikie siasa na sifa za taifa. Mwongozaji aliyetaka bajeti na ruhusa alipaswa kuleta kitu kinachomtukuza Mromania.

Trilojia hii ilikidhi haja hiyo. Wakulima wa Kiromania wanaingia kwenye nchi ya ubepari, wanakuta watu wanauana kwa ajili ya dhahabu, dola na mafuta, na wao wanabaki waungwana huku wakiwashinda wenyeji kwa akili na kwa bastola. Majina ya filamu yanasomeka kama hati ya mashtaka dhidi ya Marekani. Mkaguzi wa chama hakuwa na cha kulalamikia.

Watazamaji nao waliona filamu yao. Kumbuka kwamba baada ya mwaka 1945, wakomunisti waliposhika nchi, vijiji vingi viliishi kwa tumaini moja: *vin americanii*, Wamarekani wanakuja. Makundi ya wapiganaji yalijificha kwenye milima ya Karpati kwa zaidi ya miaka 10 yakiamini hivyo. Wamarekani hawakuja. Mwaka 1978 kupata pasipoti ya kwenda Magharibi ilikuwa ndoto kwa raia wa kawaida. Halafu kwenye pazia la sinema wanatokea watu wa kwao, wenye lafudhi ya Ardeal na kofia za manyoya, wakitembea kwenye barabara za Marekani bila kuomba ruhusa ya mtu! Chama kilitazama ubepari ukiaibishwa. Mtazamaji wa kawaida alimtazama Mromania mwenzake akiwa Amerika, huru, akijibu kwa Kiromania. Zote mbili zimo ndani ya filamu, na sidhani Popovici, aliyewajua wakubwa wa chama kwa karibu, aliandika hivyo kwa bahati.

Ardhi ya kupandwa mbegu hiyo ilikuwa imeshalimwa. Waromania wana haiduki, mnyang'anyi wa msituni anayewapora mabwana na watoza kodi na kuwagawia maskini, na nyimbo za kumsifu zimeimbwa vijijini kwa karne nyingi. Kuanzia mwaka 1966 Dinu Cocea alitengeneza mfululizo wa filamu za haiduki kwa miswada ya Eugen Barbu na wenzake: farasi wanaruka mito, bwana mnene anaibiwa sanduku, na Marga Barbu, akiwa Anița, anawashika mateka wanaume wa pande zote mbili. Florin Piersic aliingia akiwa haiduki Anghel Șaptecai na akawa kipenzi cha nchi nzima. Baadaye, kuanzia *Drumul oaselor* ya mwaka 1980, Piersic huyo huyo akawa Mărgelatu: kofia pana, bastola, mbegu za kutafuna mdomoni, mpiga risasi wa kukodiwa anayejikuta upande wa wanamapinduzi katika miaka ya kuelekea mapinduzi ya 1848. Mwondoe Bucharest umweke Arizona, hakuna atakayeshtuka.

Na kuna *Baltagul* ("Shoka"), ambayo naitaja kwa furaha ya pekee. Riwaya hiyo ya Mihail Sadoveanu ya mwaka 1930 inamfuata Vitoria Lipan, mke wa mchungaji wa milimani, anayeondoka na mwanawe wakati wa baridi kumtafuta mumewe asiyerudi kutoka kununua kondoo. Anauliza kijiji kwa kijiji, anaipata mifupa, na kwenye karamu ya mazishi anawabana wauaji kwa maneno mpaka wanajifichua. Chini yake kuna wimbo wa kale wa *Miorița*, uliochapishwa na Vasile Alecsandri mwaka 1850, wa mchungaji anayeonywa na kondoo wake kwamba wenzake wawili watamuua ili wachukue mifugo. Safari, mifugo iliyoibwa, kisasi, sheria ya serikali iliyo mbali: vitu vyote vya kauboi vimo, na hakuna aliyeviagiza kutoka nje. Mircea Mureșan alipoifanya filamu mwaka 1969 kwa ushirika na Waitalia, nafasi ya Vitoria aliichukua Margarita Lozano wa Hispania. Ukiwa mtazamaji wa kauboi unamjua: ndiye Consuelo Baxter, mama wa ukoo mmoja kati ya koo mbili zinazoumizana katika *Per un pugno di dollari* ya Sergio Leone ya mwaka 1964. Mwanamke yule yule, miaka mitano baadaye, anavaa kitambaa cha mchungaji wa Karpati.

Wakati huo milima ya Romania ilikuwa tayari inaigiza Amerika kwa niaba ya wengine. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Wafaransa na Wajerumani wa Magharibi walitengeneza huko, pamoja na Waromania, hadithi za James Fenimore Cooper kwa ajili ya televisheni, na Sergiu Nicolaescu akiwa mmoja wa waongozaji. Nicolaescu alikuwa ametoka kuongoza *Dacii* (1967), ambamo Mrumi aitwaye Severus anaigizwa na Pierre Brice, Mfaransa aliyejulikana Ulaya nzima kwa kuigiza Winnetou, chifu wa Apache. Wajerumani wa Mashariki nao walikuja na Gojko Mitić, Mserbia aliyekuwa nyota wa filamu zao za Wahindi Wekundu, wakashirikiana na Romania katika *Apachen* (1973). Katika filamu hizo Wahindi Wekundu ndio mashujaa na mzungu mwenye kampuni ya madini ndiye adui, kwa hiyo kijana wa Bucharest alikua akiijua kauboi ya pande zote mbili. Biashara hiyo haijafa. *Cold Mountain* ya mwaka 2003, ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ilipigwa kwa sehemu kubwa Romania, na *Hatfields & McCoys* ya Kevin Costner, mwaka 2012, vilevile. Gharama ni nafuu, misitu bado ipo, na yapo mabonde ambayo nguzo za umeme hazijayafikia. Uhusiano huo na utamaduni wa Romania ni mdogo, ni kazi na mishahara, basi.

Miaka ya 1980 ilipobana, televisheni ya taifa ikarushwa kwa saa mbili tu kwa siku za kawaida, na filamu nyingi za Marekani zikaingia kwa mikanda ya magendo. Sauti iliyosikika juu yake ilikuwa ya mwanamke mmoja, Irina Margareta Nistor, mfasiri wa televisheni ya serikali, ambaye kwa siri aliingiza tafsiri kwenye filamu zaidi ya 3,000. Aliigiza kila mtu kwa sauti yake moja: polisi, jambazi, mama na mtoto. Wewe uliyekulia kwenye vibanda, uliyewasikia akina Lufufu au DJ Afro, huhitaji maelezo zaidi ya namna sauti ya mtafsiri inavyokaa kichwani mwa kizazi kizima. Tofauti ni kwamba kule mtu alitazama mapazia yakiwa yamefungwa.

Nimechelewa kufika kwenye filamu ninayoiona kubwa kuliko zote hizi kwa sababu haieleweki vizuri bila yaliyotangulia. Ni *Aferim!* ya Radu Jude, iliyompa tuzo ya uongozaji Berlin mwaka 2015. Ni mwaka 1835 katika Wallachia, kusini mwa Romania ya leo. Askari wa mkoa aitwaye Constandin (Teodor Corban) na mwanawe Ioniță (Mihai Comănoiu) wanapita mabonde na misitu kwa farasi wakimtafuta mtu aliyetoroka. Picha ni nyeusi na nyeupe, upeo ni mpana, watu ni wadogo chini ya anga. Mzee na kijana, farasi wawili, msako mrefu: hilo ndilo umbo la *The Searchers* ya John Ford ya mwaka 1956, na Jude analitumia macho yakiwa wazi.

Anayetafutwa ni mtumwa. Carfin (Toma Cuzin) ni Mroma, yaani mtu wa jamii ambayo wengine huiita Wajipsi, na ni mali ya bwana Iordache, na kosa lake ni kulala na mke wa bwana huyo. Waroma walikuwa watumwa katika ardhi za Romania kwa karibu miaka 500. Hati ya kwanza inayowataja hivyo ni ya mwaka 1385, na utumwa ulikomeshwa mwaka 1855 Moldavia na 1856 Wallachia. Walimilikiwa na mtawala, na mabwana wa ardhi, na nyumba za watawa. Walinunuliwa na kuuzwa, na familia ziliweza kutenganishwa. Filamu za haiduki zilikuwa zimewaonyesha mabwana wakiibiwa masanduku yao huku watumwa wao wakibaki pembeni ya picha, kwenye ngoma na vichekesho. Jude amewaleta katikati.

Na amefanya jambo gumu: Constandin anapendeza. Ana methali kwa kila tukio, anaimba, anamcheka mwanawe, anakohoa, anaogopa kufa. Njiani wanakutana na kasisi anayelitukana kila taifa kwa zamu, na watu wanacheka ukumbini mpaka wanapogundua wanacheka nini. Wanampata Carfin, wanakula naye, wanamsikiliza akisimulia miji ya mbali aliyoiona, wanamzoea. Ioniță anataka wamwachie. Constandin anakataa, anajiambia atamwombea msamaha kwa bwana, na anamfikisha. Adhabu anayopewa Carfin mbele ya watu wote ni ukatili ambao sitaueleza hapa. Utauona, na ni vizuri ujiandae. Askari anapokea malipo yake, anapanda farasi na mwanawe, wanaondoka. Kwenye filamu za kauboi tulizozipenda utotoni, mpanda farasi anaondoka akiwa ameacha haki nyuma yake. Huyu anaondoka akiwa ameifanya kazi aliyotumwa. Nimeitazama na vijana zaidi ya mara moja, na kila mara dakika za mwisho hakuna anayezungumza.

Wapo wanaosema Jude ameipaka matope historia ya nchi yake. Sikubaliani nao hata kidogo. Anaipenda lugha ya watu wale kiasi cha kuijaza filamu nzima kwa methali na misemo ya vitabu vya zamani, na anawapenda watu wenyewe kiasi cha kutowadanganya. Filamu za akina Brad zilimwonyesha Mromania akiwa mnyonge mwenye heshima katika nchi ya wengine. Hilo lilikuwa kweli. *Aferim!* inamwonyesha akiwa mwenye nguvu nyumbani kwake, mbele ya mtu mnyonge zaidi, na hilo nalo lilikuwa kweli. Nafurahi kwamba vyote viwili vimesemwa na nchi moja, kwa aina moja ya filamu.

Tangu hapo wengine wameendelea. Bogdan Mirică aliongoza *Câini* ("Mbwa") mwaka 2016, kuhusu kijana wa mjini anayerithi ardhi kubwa karibu na mpaka wa Ukraine na kukuta majambazi waliokuwa na babu yake hawana mpango wa kuiachia. Corneliu Porumboiu, katika *La Gomera* ya mwaka 2019, anawakutanisha wahusika wake ndani ya ukumbi ambako *The Searchers* yenyewe inaonyeshwa.

Pa kuanzia, basi. Maliza trilojia ya akina Brad kwa mpangilio wa miaka, 1978, 1980, 1981. Ya kwanza ndiyo bora, ya Veroiu ndiyo nyepesi zaidi, ila ndugu wale utawazoea na utataka kujua wanaishia wapi. Kisha tafuta *Nunta de piatră*, uitazame usiku ukiwa huna haraka, kwa sababu mwendo wake ni wa farasi aliyebeba mawe. Filamu moja ya haiduki au ya Mărgelatu inatosha kuonja. *Aferim!* iache mwisho, na usiitazame peke yako. Mtafute yule rafiki aliyekuonyesha ile ya kwanza, kwa sababu mtahitaji kuizungumza.